Kiti, Saa na Pumzi

"Shikamoo babu. Pumzi inakusumbua?"

"Marahaba mjukuu wangu. Hapana. Uzee tu."

Mazungumzo ya namna hii husikika kila siku katika zahanati zetu, na mara nyingi huishia hapohapo. Tabibu kijana anaandika "kikohozi" kwenye daftari, anatoa dawa za siku saba, babu anaaga. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini babu huyu hajaficha kitu. Amesema kweli tupu. Pumzi haimsumbui kwa sababu ameshaacha, kimoja baada ya kingine, kila kilichokuwa kikiisumbua. Shamba la uwele la mbali amemwachia kijana wake. Mbuzi wanachungwa na wajukuu. Siku ya mnada anaagiza. Hata hapo zahanati, kwa umbali ambao zamani asingeuita safari, amekuja kwa bodaboda. Dunia yake imesinyaa kidogo kidogo mpaka ikatosha kwenye pumzi aliyobaki nayo, na ndani ya dunia hiyo ndogo yeye ni mzima.

Swali la mdomo haliwezi kumkamata mtu wa namna hiyo. Sura hii inahusu vipimo vinavyoweza, navyo ni vya bei rahisi kiasi cha kutia shaka: kiti, saa, na kipande cha ardhi tambarare.

Babu wangu wa kufikirika nimemweka Mwankoko, kata ya Manispaa ya Singida ambayo wakazi wa mjini wanaifahamu zaidi kwa visima virefu vinavyowaletea maji. Nimeichagua kwa sababu iko katikati ya mambo mengi. Mji wenye hospitali ya rufaa ya mkoa si mbali, ila maisha bado ni ya kijijini: alizeti, mtama, uwele, kuku wa kienyeji, kuni. Na ukitaka kutafuta mahali ambapo mapafu ya watu yamechoshwa kutoka pande zote, huna haja ya kwenda mbali na ukanda huu. Wanyaturu wa zamani walijenga tembe, nyumba za paa bapa la udongo, nzuri kwa upepo na jua la Singida, mbaya kwa moshi wa mafiga usiojua pa kutokea. Bati zimekuja, moshi haujaondoka. Kuna vumbi la dhahabu pia: Sekenke, kule Iramba, ulikuwa mgodi wa dhahabu wa Wajerumani tangu mwaka 1909, na mpaka leo wachimbaji wadogo wa mkoa huu wanasaga mawe. Halafu kuna kifua kikuu, ambacho huondoka kwenye makohozi na kuacha makovu nyuma.

Ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa haujazoeleka kwa jina huku kwetu. Wengi huuita pumu, au "kifua" tu. Lakini upo, na kwa wingi. Huko Masindi, magharibi mwa Uganda, watafiti waliopima watu wa vijijini wenye zaidi ya miaka 30 walikuta asilimia 16.2 wanao, matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na wanawake hawakuwa nyuma ya wanaume, kwa sababu asiyevuta sigara anavuta jiko. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watu wa miaka 35 na kuendelea katika eneo la vijijini ulipata asilimia 17.5. Hesabu mwenyewe: kwenye benchi la watu sita wanaongoja dawa, mmoja ni wa hesabu hiyo.

Kipimo rasmi cha ugonjwa huu ni spirometa. Mgonjwa anavuta hewa mpaka mwisho, kisha anapuliza kwa nguvu zote, na mashine inasoma ametoa kiasi gani katika sekunde ya kwanza. Bila spirometa huwezi kusema kwa uhakika kwamba njia za hewa zimebanwa, na sitaki msomaji afunge kitabu hiki akidhani kiti kinachukua nafasi yake. Kiti hakikuambii mtu anaumwa nini. Mwenye goti bovu, mwenye moyo dhaifu na mwenye upungufu wa damu wote watasuasua kwenye kiti kilekile.

Lakini spirometa nayo ina upofu wake. Wagonjwa wawili wanaweza kupuliza sawasawa, nukta kwa nukta, kisha mmoja akaenda kulima na mwingine akashindwa kuvuka uwanja wa shule. Mashine imewaona sawa. Aliyewatofautisha ni mguu.

Inatokeaje? Njia za hewa zilizobanwa huingiza hewa kwa urahisi kuliko zinavyoitoa. Mtu akiwa ametulia, anapata muda wa kuimaliza. Akiharakisha mwendo, pumzi ya pili inaingia kabla ya kwanza kwisha kutoka, na ya tatu juu ya hiyo. Kifua kinajaa kama daladala inayopakia kila kituo na hakuna anayeshuka. Hapo ndipo anaposimama, anashika magoti, anatweta. Kwa kuwa hali hiyo inatisha, anajifunza kuikwepa. Anakaa. Misuli ya paja isiyotumika inanywea, na ugonjwa wenyewe unaimaliza zaidi, pamoja na oksijeni kuwa haba, chakula kutoshika mwilini na dawa za steroidi zinazotolewa kila anapozidiwa. Paja lililonywea huchoka upesi na kudai hewa nyingi kwa kazi ndogo. Kwa hiyo kesho yake atakwama mapema kuliko leo. Ugonjwa ulioanzia kifuani umeshuka miguuni, na huko miguuni ndiko unakoweza kuusoma kwa macho.

Madaktari waliliona hili kwa kuazima kitu cha wanajeshi. Mwaka 1968 Mmarekani Kenneth Cooper alichapisha kipimo cha kukimbia kwa dakika 12 alichokifanya kwa askari wa Jeshi la Anga: unakimbia, unapimwa umefika wapi, basi. Mwaka 1976 McGavin na wenzake huko Edinburgh walikigeuza kiwe cha kutembea kwa ajili ya wagonjwa wa mapafu. Dakika 12 zikaonekana ni adhabu kwa mgonjwa na kwa nesi anayemsubiri, na mwaka 1982 Butland na wenzake wakaonyesha kwamba dakika sita zinatosha kueleza yaleyale. Tangu hapo dakika sita zimekuwa sarafu ya wataalamu wa mapafu duniani kote.

Utaratibu wake umeandikwa kwa makini ambayo mtu wa nje angeicheka. Njia iwe tambarare, mita 30, yenye alama kila mwisho. Mgonjwa atembee mbali kadiri awezavyo, aruhusiwe kusimama na kuegemea ukuta, lakini saa isisimame. Anayempima asitembee mbele yake akamvuta. Asimpigie makofi. Kila dakika aseme maneno yaleyale, kwa sauti ileile: unaendelea vizuri, zimebaki dakika tano. Ukibadilisha maneno umebadilisha kipimo, maana binadamu akishangiliwa anaongeza mwendo. Afanye mara mbili, kwa sababu mara ya pili karibu kila mtu anafika mbali zaidi, si kwa kupona bali kwa kuzoea.

Na hizo mita zinatabiri. Katika kundi kubwa la wagonjwa lililofuatiliwa kwa miaka mitatu katika utafiti uitwao ECLIPSE, walioshindwa kufikisha mita 334 hivi walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Mapema zaidi, mwaka 2004, Bartolome Celli na wenzake walichapisha mizani ya alama 0 hadi 10 iliyojumlisha vitu vinne: uzito wa mwili kwa kimo, kipimo cha kupuliza, ukali wa kuhema, na mita za dakika sita. Mita 350 au zaidi hazina alama. Chini ya 150 ni alama tatu. Waliitengeneza kwa wagonjwa 207, wakaijaribu kwa wengine 625, na mizani hiyo ilitabiri vifo vizuri kuliko kupuliza peke yake. Nikisoma jedwali lile huwa natazama jambo moja: kati ya vitu vinne, vitatu havihitaji mashine ya mapafu.

Sasa zilete dakika sita Mwankoko. Zahanati za vijijini kwetu ni vyumba vichache na kibaraza; ukumbi wa mita 30 haupo. Ukifupisha njia iwe mita kumi, mgonjwa anageuka mara nyingi, na kila kugeuka kunamla mita, kwa hiyo namba yako hailingani tena na ya vitabu. Ukitoka nje unakutana na jua la saa sita na upepo wa Singida, ule uliowafanya watu wa umeme wautazame mkoa huu kwa tamaa. Kwenda ni kupambana nao, kurudi ni kusukumwa. Tena mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na mapafu mabovu hulitambua hilo kabla ya mwenye nayo. Dakika sita zinawezekana, asubuhi na mapema, pembeni ya ukuta mrefu wa shule. Lakini foleni ya wajawazito na watoto wa chanjo haimruhusu nesi mmoja aliyepo kutoka nje na babu kila siku.

Ndipo kiti kinapoingia.

Kiti kisicho na mikono, cha sentimita 46 hivi kutoka sakafuni, kiegemezwe ukutani kisikimbie. Mgonjwa akunje mikono kifuani. Asimame akanyooka kabisa, akae, asimame tena. Kuna namna mbili za kuhesabu. Moja ni kupima sekunde za kusimama mara tano. Ya pili ni kuhesabu amesimama mara ngapi ndani ya dakika nzima. Ile ya mara tano ilianzia kwa wazee, na wataalamu wa Ulaya wa udhaifu wa misuli, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, waliweka alama ya hatari pale zinapozidi sekunde 15. Ya dakika moja ni kali zaidi. Inatoa jasho, inaonyesha pumzi.

Nilipokuwa naandika sura hii nilisogeza kiti changu ukutani nikajaribu dakika moja. Sitaitaja namba. Niseme tu kwamba huko Uswisi, ambako mwaka 2013 walichapisha viwango vya watu karibu 7,000, kijana wa kiume wa miaka 20 hadi 24 wa katikati husimama mara 50 na bibi wa miaka 75 hadi 79 mara 27, na kwamba mara kadhaa nilihisi bibi huyo akinipumulia kisogoni.

Mwaka huohuo wa 2013 Milo Puhan na wenzake walichapisha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii. Walichukua wagonjwa 409 wa Uswisi na Uholanzi, si wa hospitali kubwa bali wa madaktari wa kawaida wa mitaani, wakawapima kiti cha dakika moja na nguvu ya kiganja, kisha wakawafuatilia kwa miaka miwili. Waliosimama mara chache ndio waliokufa zaidi, na kiti kilibashiri kwa nguvu kuliko kiganja. Hakukuhitajika ukumbi. Hakukuhitajika hata umeme.

Bado, kiti cha Uswisi si kigoda cha Mwankoko. Mama aliyezaliwa hapa ameamka kutoka kwenye kigoda na kuchuchumaa mbele ya mafiga tangu utoto. Paja lake lina shule ambayo bibi wa Zurich hakuisoma. Inawezekana kabisa kwamba akiwa mgonjwa atapata namba itakayomfanya aonekane mzima kwenye jedwali la Ulaya. Na mpimaji anayechukua kiti chochote kilicho karibu, leo cha plastiki, kesho benchi la mbao, anapima viti badala ya watu. Dawa yake ni ndogo: futi ya fundi cherehani, kiti kimoja chenye alama ya rangi, na mazoea ya kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita kabla ya kumlinganisha na mgeni.

Kipimo cha tatu ni kifupi mno: mita nne, kwa mwendo wake wa kawaida. Chini ya mita 0.8 kwa sekunde ni mwendo wa kutia wasiwasi, maana yake akizitembea mita nne kwa zaidi ya sekunde tano. Samantha Kon na wenzake wa London waliwapima hivyo wagonjwa 213 siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali baada ya kuzidiwa. Katika robo ya waliotembea polepole kuliko wote, asilimia 48.2 walilazwa tena ndani ya siku 90. Katika robo ya wenye mwendo wa kasi, asilimia 11.5. Fikiria hilo wodini Singida, asubuhi ya kuruhusiwa, ndugu wameshafunga vyombo. Hatua chache kutoka kitandani hadi mlangoni zingemwambia daktari ni nani wa kumpigia simu wiki ijayo.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana neno "kutabiri" lina ukoo mbaya. Mpiga ramli naye hutabiri. Tofauti ni kwamba mpiga ramli humwambia mtu mmoja habari zake, na namba hizi husema habari za kundi. Mkulima wa hapa akiona mawingu ya Novemba yamejikusanya anajua mvua ina uwezekano. Hajui kama itanyesha shambani kwake au kwa jirani. Babu akisimama mara tano kwa sekunde 20, maana yake ni kwamba watu mia wa namna yake watapata shida zaidi ya mia wengine. Nesi atakayemgeuzia babu namba hiyo kuwa hukumu ya miezi atakuwa ameiba kazi ya mpiga ramli, tena bila ujuzi wake wa kuongea na watu.

Pia isipimwe kiholela. Mwenye maumivu ya kifua, aliyepata shambulio la moyo ndani ya mwezi, mwenye mapigo zaidi ya 120 akiwa amekaa, au presha inayovuka 180 kwa 100, aachwe akae. Kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, ambacho wengi tulikifahamu wakati wa UVIKO-19, kikiwapo kitumike.

Swali linalobaki ni la daftari. Na hapa Tanzania haina haja ya kuazima mfano, kwa sababu dunia iliazima kwetu. Mwaka 1977 nchi ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia ambaye mwenyewe alipata kifua kikuu katika kambi ya mateso ya Mauthausen. Hakuleta mashine mpya. Alichokazania ni darubini, dawa zisizokatika, na rejista: kila mgonjwa anaandikwa, na kila robo mwaka wanahesabiwa waliopona, waliokufa, waliotoroka. Mfumo huo uliojaribiwa wilayani kwetu ndio Shirika la Afya Duniani lilioueneza kote katika miaka ya 1990.

Rejista hiyo ina tundu moja. Makohozi yakiwa safi, mgonjwa anaandikwa amepona na ukurasa wake unafungwa. Ni furaha ya kweli na sitaki kuipunguza. Lakini wako walioandikwa hivyo wakaenda nyumbani na pafu lenye makovu, na mwaka mmoja baadaye wanarudi wanahema, wanapimwa tena makohozi, hayana kitu, wanapewa dawa za kifua kikuu tena kwa kubahatisha. Siku ile ya kufunga ukurasa, kiti kilikuwa hapo chumbani. Yawezekana ndicho alichokalia. Kumwambia asimame mara tano na kuandika sekunde pembeni ya neno "amepona" kungechukua muda mfupi kuliko kutafuta kalamu.

Najua jibu la watu wa afya: tukishajua, tutamfanyia nini? Ni jibu la haki. Jiko lisilo na moshi ni sehemu yake, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa babu wa leo hilo ni la wajukuu zaidi. Sehemu nyingine imejaribiwa kwa jirani. Huko Mulago, Kampala, watu wenye mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu walifanyishwa mazoezi na mafunzo kwa wiki sita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Walipimwa kwa kutembea kati ya koni mbili kwa mwendo unaoongezwa na mlio, kipimo kilichobuniwa Leicester na Sally Singh mwaka 1992. Walianza kwa wastani wa mita 299, wakamaliza na 377, na wiki sita baada ya programu kwisha walikuwa bado kwenye 374. Makovu hayakufutika. Miguu ndiyo iliyorudi, na miguu iliyorudi inadai hewa kidogo.

Zoezi mojawapo la namna hiyo ni kipimo chenyewe. Kusimama na kukaa, mara kumi, kupumzika, mara kumi tena, huku midomo imebinywa kama anayepuliza kijiko cha uji ili hewa itoke polepole. Kiti kinaenda nacho nyumbani, au kigoda kikiinuliwa juu ya tofali.

Basi turudi kwa babu. Mara ya kwanza alisimama mara tano kwa sekunde 20, akakubali kwamba labda si uzee mtupu. Amerudi baada ya miezi miwili. Nesi anasogeza kile kiti chenye alama ya rangi, anashika simu. Sekunde 17. Wataalamu wanasema mgonjwa wa ugonjwa huu huanza kuhisi tofauti sekunde zikipungua kwa 1.7, kwa hiyo hizo tatu ni tofauti anayoweza kuihisi.

"Nimefaulu?"

"Mtihani haujaisha babu. Tutaonana tena baada ya mavuno. Ila siku hiyo usije na bodaboda."